Shule za kanisa na mtoto anayeshika mkia

Matokeo ya darasa la saba yakitoka, mzazi wa mjini hapa Tanzania anayetafutia mtoto darasa la kwanza huanza kuulizia shule ya masista au ya dayosisi, awe Mkristo au Mwislamu. Sababu anazo. Katika nyingi ya shule hizo kipindi hakipotei: mwalimu akichelewa, mkuu wa shule yuko mlangoni kabla watoto hawajaanza kelele. Daftari husahihishwa siku hiyohiyo, na mzazi akilifungua jioni anakuta alama ya kalamu nyekundu, tarehe, na swali ambalo mtoto ametakiwa kulirudia. Hilo si jambo dogo kwa aliyewahi kuona darasa la watoto zaidi ya mia katika shule ya serikali, hasa baada ya ada na michango kufutwa kuanzia Januari 2016 na uandikishaji kufurika.

Uzoefu huo haukuanza jana. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868 na kufundisha watoto waliokombolewa utumwani. Sheria ya Elimu ya 1969 ilipozitaifisha shule za misheni, makanisa yalinyang'anywa majengo, lakini desturi ya kusimamia shule yalibaki nayo, na milango ilipofunguliwa tena kwa shule binafsi yalirudi kwa kasi.

Hata hivyo, sehemu ya kile tunachokisifia kama ufundishaji bora ni uchujaji. Mtoto wa miaka sita anafanyiwa usaili: asome herufi, ahesabu, ataje rangi kwa Kiingereza. Anayefaulu ni yule ambaye wazazi wake wamekwisha kulipia chekechea. Kisha kuna wastani wa shule, yaani alama ya chini ambayo shule imejiwekea. Asiyeufikisha anakaririshwa darasa, au mzazi anaitwa ofisini na kuambiwa kwa upole amtafutie mwanawe shule itakayomfaa. Wizara ya Elimu imelikemea jambo hili zaidi ya mara moja. Darasa la saba likifika limebaki na wenye uwezo, na ufaulu unang'aa. Ndiyo maana naunga mkono uamuzi wa Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) wa Januari 2023 kuacha kutangaza shule kumi bora, ingawa mabango ya "tumefaulisha wote" bado yako barabarani.

Wenye shule nao wana la kujibu, na lazima lisikilizwe. Mishahara inatoka kwenye ada. Ufaulu wa shule ukishuka, wazazi wanahama, na wa kwanza kuhama ni wale wanaolipa kwa wakati. Ajira za walimu serikalini zikitangazwa, mwalimu waliyemnoa miaka mitatu anaondoka katikati ya muhula. Tena wanauliza: huko serikalini mnakosema hakuna mchujo, mtoto dhaifu anasaidiwa? Swali hilo linauma, kwa sababu wapo wanaopandishwa darasa mwaka hadi mwaka na kufika la saba bila kuweza kusoma aya moja kwa ufasaha. Hawakufukuzwa, lakini hawakufundishwa pia.

Pamoja na hayo, siwezi kuipima shule ya kanisa kwa kipimo cha mfanyabiashara wa elimu. Mzazi ameliamini jina la kanisa. Parokia inayochangisha waumini wajenge madarasa, kisha mtoto wa muumini huyohuyo akarudishwa nyumbani kwa kukosa alama chache za hisabati, ina deni kwake. Na inawezekana kufanya vinginevyo. Zipo shule za kanisa zinazobaki na wanaosuasua kwa muda wa saa moja jioni bila kutoza shilingi, na nyingine zinazomkalisha mtoto wa namna hiyo mbele na kumpa kazi ndogo kila siku hadi ashike. Kazi hiyo haionekani kwenye bango, na kwangu ndiyo inayostahili kuitwa ubora.

Kwa hiyo mzazi anayeenda kuchukua fomu, pamoja na kuuliza ada na usafiri, aulize takwimu moja: kati ya watoto walioanza hapa darasa la kwanza miaka saba iliyopita, wangapi wamefanya mtihani wa darasa la saba hapahapa, na waliotoka walitokaje? Majina yote yamo kwenye rejista ya uandikishaji, na mkuu wa shule anaweza kuisomea kamati ya wazazi kwenye kikao cha kwanza cha mwaka.