Kofia ya Shemeji

Watu wa bara wakisikia habari za baridi ya Lamu hucheka. Waache wacheke. Mwezi wa saba, kusi likivuma tangu alfajiri, nyuzi 25 za kwetu hupenya mpaka kwenye meno. Ndiyo maana siku ya mashindano ya mitumbwi nilishuka gatini na koti la mitumba, lile la nchi za theluji, lililojazwa manyoya ya bata.

Shemeji alinitazama juu hadi chini. "Wenda baharini au wenda Ulaya?"

Hakuwa na la kufanya. Mwenzake wa siku zote alikuwa kitandani na mafua, na kila mtumbwi ulitaka watu wawili. Mimi nauza simu dukani. Kafi nilishika mara ya mwisho nikiwa darasa la sita. Akanipa kazi nyepesi: "Piga kafi ukiweza. Ukiona maji yaingia, kumba. Basi."

Kukumba maji kuna chombo chake, kiitwacho upo, na upo wetu ulikuwa dumu la mafuta lililokatwa nusu. Nakumbuka vizuri nilipouacha. Niliukalia pale ngazini nikihangaika na zipu.

Kutoka mjini hadi Shela ni kama kilomita 3, na maji yalikuwa yakipwa, kwa hiyo mkondo ulitubeba wenyewe. Nikajiona baharia. Niliwapungia mkono watu waliojipanga ufukweni, na punda mmoja. Kazi ilikuwa mbele, pale mlango unapofunguka bahari kuu, kati ya Shela na Ras Kitau. Maji yanatoka, kusi linaingia. Vikikutana hapo mawimbi huwa mafupi, yamesimama wima, yamefuatana kama ngazi. La kwanza lilipiga omo likanivunjikia mapajani. La pili likaingia likakaa.

"Kumba!"

Nikapapasa mbele, nikapapasa chini ya miguu.

"Kumba, wewe!"

Nikavua kofia nikakumba.

Kofia zetu hushonwa kwa mkono, na nakshi yake ni vitobo, mamia ya vitobo, kila kimoja kimezungushiwa uzi ili kichwa kipate hewa. Kwa kukumba maji ni chujio. Nilikuwa nateka imejaa pomoni, ikifika ukingoni imebaki matone, mengine yote yameshanirudia miguuni kwa vijito vyembamba, vizuri kwa kweli, kama bomba la kuogea. Nikaongeza kasi.

Na aliyeishona ni Shemeji. Miezi minne, kila jioni barazani, zawadi ya harusi yangu na dada yake.

Nyuma yangu, kafi lilinyamaza.

"Hiyo," akauliza kwa upole ulionitisha kuliko mawimbi, "ni kofia gani?"

"Ile."

"Ile?"

"Ile, Shemeji."

Akasimama. Mtu aliyekulia baharini, mtoto wa nahodha, alisimama kwenye mtumbwi uliojaa maji, akanyoosha mkono kuninyang'anya kofia. Mtumbwi ukafanya ambacho mtumbwi wowote ungefanya.

Koti likavimba. Nilielea chali kama bunju, mikono imetanuka, nisiweze hata kujigeuza. Nikamwona Shemeji akipiga mbizi, moyo ukatulia: anakuja kuniinua kwa chini. Aliibuka upande wa pili kabisa, kofia mkononi, akaanza kuikagua kwenye jua, tobo kwa tobo, huku mimi nikipita mbele yake nikielekea Bahari ya Hindi.

Mashua ya mashine iliyokuwa ikivusha abiria kwenda Manda ndiyo iliyotuopoa. Nilipovutwa kwa ukosi koti lilipasuka kwapani, likamwaga maji na manyoya sakafuni. Mama mmoja akaukusanya upande wa buibui lake. "Maskini," akamwambia mwenzake, "alikuwa amebeba kuku."

Nyumbani mke wangu alinipokea mlangoni. "Kofia i wapi?"

Sasa imetiwa wanga, imevishwa sufuria ikauke na umbo lake. Shemeji huja kila jioni kuitazama. Huizungusha, huigusa ukingo, na hanisalimu mpaka amalize. Koti nalo liko kambani siku ya tano. Halijakauka, na jirani ameanza kuuliza kama tunafuga bata.