Siyo kila chembe inayobana ni vidonda vya tumbo jamani

Juzi nilikuwa msibani Makorora, hapa Tanga, marehemu ni baba wa rafiki yangu, mzee wa presha na sukari ya miaka mingi, na kila anayeingia akiuliza mzee alikuwa anaumwa nini anajibiwa vidonda vya tumbo, vilimzidi. Nikakaa na binti yake upenuni akanisimulia mwanzo mpaka mwisho, na tangu siku hiyo hasira haijanitoka.

Ilianza jioni baada ya magharibi. Chembe, hapa juu ya tumbo chini ya kifua, inambana, jasho jembamba mpaka kanzu imelowa mgongoni, kichefuchefu, mkono wa kushoto anaukunja na kuukunjua anasema umekuwa mzito. Wakampakia bajaji mpaka zahanati ya jirani. Swali la kwanza, mzee umekula nini leo? Mihogo ya nazi na pweza. Basi, maswali yakaishia hapo. Akapewa magnesiamu atafune na omeprazo za kwenda nazo, baada ya nusu saa akacheua akasema alhamdulillahi sasa afadhali, wakamrudisha nyumbani. Alfajiri wanamwamsha kwa swala, hakuamka.

Nini kilimuua hakuna atakayejua kwa uhakika maana hakuna aliyempima, na hilo ndo linaloniuma kuliko yote.

Mimi ni muuguzi, na nataka niseme moja tu kwa nguvu zangu zote: mgonjwa kupata nafuu baada ya dawa ya gesi SIYO kipimo cha moyo. Maumivu ya moyo yana tabia ya kuja na kupoa, damu inaganda kwenye mshipa, inaachia kidogo, inaziba tena, kwa hiyo ile nusu saa aliyopumzika kwenye benchi ingeweza kumpoza hata bila kidonge chochote. Halafu ukuta wa chini wa moyo umelalia kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, ukikosa damu mtu anaumwa chembe na kutapika kama mwenye vidonda kabisa. Na wenye sukari mishipa yao ya fahamu imeshachoka, wengine kifua hakiumi hata kidogo, wanakwambia tu nimechoka, pumzi inakata. Wanawake pia, na wazee. Sasa ukimsubiri mgonjwa ashike kifua aanguke kama kwenye tamthilia utawapoteza wengi sana.

Kinachotakiwa ni ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ndani ya dakika 10 tangu mgonjwa aingie mlangoni. Vibandiko 10 tu, sita kifuani na vinne kwenye mikono na miguu, karatasi ya mirabaraba inatoka hapo hapo. Zahanati haina mashine? Sawa, nyingi hazina, basi andika rufaa aende Bombo, hospitali ya mkoa, sasa hivi, siyo kesho asubuhi. Pale penye mashine lakini hakuna wa kusoma karatasi, piga picha umtumie daktari anayejua, simu kila mtu anayo mkononi. Na karatasi ikitoka safi wakati mtu bado anabanwa usimruhusu, rudia baada ya robo saa. Troponini nayo, protini ya moyo inayopimwa kwenye damu, hupanda taratibu, ukipima saa ya kwanza tu ikawa sawa haijakwambia kitu.

Nakubali, wengi wanaokuja zahanati na kifua siyo moyo, ni misuli, ni kiungulia, ni mawazo. Nakubali pia foleni ni ndefu na mhudumu wa usiku yuko peke yake na watoto wa malaria wanalia. Lakini mzee wa presha na sukari anayetoka jasho baridi hayumo kwenye hao wengi, na kumuuliza maumivu yanakwenda wapi, yameanza lini, alikuwa anafanya nini, hakuhitaji mashine. Pale KCMC Moshi watafiti waliwapima kwa utaratibu wagonjwa wa kifua na pumzi waliofika dharura, wakawakuta wengi wenye tatizo hili la moyo ambao hawakuandikiwa hivyo. Hiyo ni hospitali kubwa ya kanda, sasa huku kwetu vichochoroni?

Na aspirini, wallahi ni ya bei ndogo mno kukosekana. Miligramu 300, atafune siyo ameze, isipokuwa mwenye mzio nayo au anayetapika damu au kupata choo cheusi, huyo usimpe. Itolewe wakati gari linatafutwa. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inataka mgonjwa afike mapema, ndani ya saa 12 tangu maumivu yaanze, na kila saa inayopita moyo unakufa kidogo, na kuzibuliwa mshipa kwa mrija ni mpaka Dar, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, ambako kutoka Tanga ni zaidi ya kilomita 300 za barabara.

Kwa hiyo dada zangu na kaka zangu wa zamu ya usiku, kuanzia Pongwe mpaka Mwambani, akija mtu mzima chembe inambana, kabla hujafungua kopo la magnesiamu mshike mkono uone kama ni wa baridi, pima presha, uliza sukari, kisha piga simu Bombo. Na nyie wenye wazazi, mkiambiwa ni gesi, ulizeni kwa adabu lakini msiondoke: moyo umepimwa?