Betel Ibaki Pale Akersgata

Msabato yeyote anayepita Oslo, mji mkuu wa Norwe, apande Akersgata hadi namba 74. Hapo ndipo lilipo Betel, kanisa la Waadventista lililojengwa miaka ya 1880, wakati mji huo ukiitwa Christiania.

J. G. Matteson, Mdenishi aliyekuwa amehamia Marekani, alifika mjini humo mwaka 1878 kuhubiri. Mwaka uliofuata kanisa likaanzishwa. Sheria ya 1845 iliwaruhusu Wakristo walio nje ya kanisa la dola, la Kilutheri, kuabudu hadharani, ila pa kuabudia walijitafutia wenyewe. Walihangaika na kumbi za kupanga. Mwaka 1885 Ellen White, Mmarekani na mmoja wa waasisi wa Waadventista, alipoombwa na chama cha kupinga ulevi azungumzie kuwa na kiasi, mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa mazoezi ya wanajeshi. Walifika watu wapatao 1,600, na juu ya mimbari ilitundikwa bendera ya Marekani kumheshimu mgeni.

Ndipo likaja Betel, na kinachonigusa zaidi ni kwamba ibada na mitambo ya kuchapa viliwekwa chini ya paa moja. Huku kwetu tunawajua wainjilisti wa vitabu, mkoba begani, mlango kwa mlango. Pale walitaka ukumbi wa kuhubiria na kiwanda cha kuwapa watu hao kitu cha kubeba.

Wapo wenzetu wanaosema, tena kwa nia njema, kwamba sisi ni wapitaji, Yesu yu karibu, majengo ya kale ya nini? Siafikiani nao hata kidogo. Waliojenga Betel walikuwa wakihubiri kurudi huko huko kwa Yesu, na bado walinunua matofali. Hao hao mwaka 1887 walipiga mahema kule Moss, kusini mwa mji, yakawa makambi, yaani mikutano ya ibada ya mahemani, ya kwanza ya Waadventista barani Ulaya. Sisi tunaokwenda makambi kila mwaka, Mwanza hadi Kisii, tuna undugu na uwanja ule.

Ardhi ya katikati ya mji ni ghali, na kila kanisa kongwe la mjini hujaribiwa kuuza na kuhamia pembezoni. Betel lisiuzwe, wala lisigeuzwe makumbusho. Sabato watu waingie, waimbe, wabatizwe. Na historia yake ikisimuliwa, wapanga herufi na wachapaji watajwe pamoja na wahubiri.