Mtoto anapolipita darasa lake kwa kusoma

Kaka yangu anakaa Tabata, Dar es Salaam. Ana binti wa miaka minane, yuko darasa la tatu, na husoma kila chenye herufi: kanga za mama yake, maandishi ya nyuma ya daladala, karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi la dawa, hata gazeti la udaku lililofungiwa vitumbua. Hilo la mwisho ndilo lililozua simu. Alimuuliza bibi yake, mbele ya wageni, maana ya kichwa cha habari ambacho hapa sikiandiki. Kaka akanipigia huku Leicester, Uingereza, nusu analalamika, nusu anajisifu: "Dada, mwanao vitabu vya darasa la tatu vimemwishia. Nimpe nini?"

Mimi nina wa kiume wa umri uleule, naye amelipita darasa lake. Kwa hiyo jambo hili naliona kotekote, na msimamo niliofikia unawaudhi jamaa wa huku na wa huko.

Jibu la nyumbani nalijua kabla halijatamkwa. Mpe vya darasa la nne. Akivimaliza, vya la tano. Mtafutie tuisheni, mnunulie mitihani ya miaka iliyopita, na mwalimu mkuu akikubali, arushwe darasa. Lakini kitabu cha kiada cha darasa la tano ni kitabu cha kiada tu: mazoezi, majedwali, jibu maswali yafuatayo. Mtoto aliyekuwa anakimbilia hadithi anajikuta amezawadiwa kazi ya nyumbani.

Wazazi wenzangu wa Leicester nao wana ugonjwa wao. Shule za msingi za Uingereza hupanga vitabu vya kujifunzia kusoma kwa rangi, kuanzia pinki, nyekundu na njano hadi juu huko kwenye dhahabu na nyeupe. Mtoto hurudi nyumbani na kitabu chenye kibandiko cha rangi yake, na pale getini mama mmoja humuuliza mwenzake, kwa tabasamu la kupima maji, wa kwenu yuko rangi gani siku hizi. Baada ya rangi, shule nyingi huingia kwenye programu ya Accelerated Reader. Hiyo hukipa kila kitabu namba kutokana na urefu wa sentensi, urefu wa maneno na ugumu wa msamiati. Mtoto akimaliza kitabu, anajibu maswali machache kwenye kompyuta, anapata pointi.

Namba hiyo haijui kitabu kinasema nini. Riwaya ya Of Mice and Men ya John Steinbeck, ambayo ndani yake mwanamke anavunjwa shingo na rafiki anampiga rafiki yake risasi, imepewa 4.5, yaani kwa hesabu ya Kimarekani ni ya mtoto aliye katikati ya darasa la nne. Sentensi zake fupi, maneno mepesi, mashine imeridhika. Waliotengeneza programu nisiwaonee, maana wameweka na alama ya pili, ya umri, inayosema kitabu hicho ni cha vijana wa sekondari. Ila wazazi huishika ile ya kwanza, kwa kuwa ndiyo inayopanda. Nimemshuhudia mama dukani akimrudishia rafuni mwanawe kitabu cha paka alichokikumbatia, eti kiko chini ya kiwango chake.

Kuyasoma maneno na kuyabeba yaliyomo ni mambo mawili. Binti wa kaka yangu anaweza kuitamka kila sentensi ya riwaya ya mapenzi bila kukwama. Hilo halimfanyi awe na umri wa kuibeba riwaya hiyo.

Na umri wenyewe haupimwi sawa kila mahali. Mwaka jana mwalimu wa mwanangu aliniandikia ujumbe wa tahadhari sana: darasa litasoma hadithi ambayo ndani yake bibi anafariki, je, nina wasiwasi wowote? Nilisoma mara mbili kutafuta tatizo liko wapi. Yule wa Tabata ameshakaa misibani, amelala kwenye mkeka na binamu zake huku watu wazima wanakesha, ameona jeneza likitoka. Kifo kwenye kitabu hakimshtui. Lakini kitabu hichohicho kikiwa na kijana anayembusu msichana shuleni, au mtoto anayemjibu baba yake "niache", kaka atakifunga na kukiweka juu ya kabati. Huku hayo mawili hayamwamshi mtu usingizini. Uchawi ndiyo usiseme: kwa mtoto wa Kiingereza mchawi ni mzee mcheshi mwenye kofia ndefu, wakati kwa mtoto wetu mchawi anaweza kuwa jirani aliyesemwa jana.

Kwa sababu hiyo, zile tovuti za Kimarekani zinazopanga vitabu kwa umri nazitumia, lakini natumia maelezo yake tu. Zinanieleza kitabu kina matusi kiasi gani, damu kiasi gani, mapenzi kiasi gani. Uamuzi unabaki wangu na wa kaka, na mara nyingi hatuafikiani.

Kuna wanaosema haya yote ni anasa. Sisi tulisoma jarida la katuni la Sani chini ya dawati na visa vya mpelelezi Willy Gamba chini ya shuka, hakuna aliyetuchagulia, na tumekua. Hoja hii naikubali nusu. Ni kweli mtoto huruka asichokielewa, na kurasa nyingi za Musiba, mwandishi wa visa hivyo, zilinipita hivyohivyo, nikabaki na bastola na magari. Nusu ya pili siikubali: tulizisoma hizo kwa sababu hapakuwa na kingine, halafu leo tunaugeuza ukosefu ule kuwa malezi.

Wazungu nao niwape haki yao. Sheria ya maktaba ya mwaka 1964 inazibana halmashauri za Uingereza ziwe na maktaba ya umma, na mtoto huazima bure. Kadi ya mwanangu imetoa vitabu ambavyo kuvinunua nisingeweza. Ila utajiri hasa ni mkutubi. Nilimwambia mmoja, mama wa makamo, kwamba nina mtoto wa miaka minane, anasoma kama wa kumi na mbili, anapenda meli, anaogopa mizimu. Akaniuliza anaogopa mizimu yote au ile inayoingia chumbani tu. Akazunguka rafu zake, akarudi na vitabu vinne, vitatu vikampendeza mtoto kuliko chochote nilichowahi kumchagulia. Mtu yule analipwa kwa kuwa amevisoma. Hakuna namba ya kompyuta inayouliza swali la mizimu.

Msije mkadhani ni peponi, hata hivyo. Tangu 2010 mamia ya maktaba huku zimefungwa au kuachiwa watu wa kujitolea. Na kanuni za nchi hii zinataka kila gereza liwe na maktaba, lakini hazitaki hivyo kwa shule.

Dar tunayo Maktaba Kuu ya Taifa pale Mtaa wa Bibi Titi Mohamed, iliyofunguliwa 1967 na Mwalimu Nyerere, na ina sehemu ya watoto. Mkoa una watu zaidi ya milioni tano kwa sensa ya 2022. Toka Tabata na mtoto siku ya Jumamosi, pita Buguruni na foleni yake, ufike Posta: kusoma kunakuwa safari ya kufungashia maji. Shuleni kwa binti vitabu vya hadithi vipo, vizuri tu, vimefungiwa kabatini ofisini visije vikachafuliwa. Naelewa hofu ya mwalimu anayesainia kila kitabu. Lakini kitabu cha mtoto kisichochafuka hakijasomwa.

Sasa tuseme kabati limefunguliwa. Mna nini ndani kwa mtoto huyu? Hapa ndipo penye kiini cha malalamiko yangu. Vitabu vya Kiswahili vya wanaoanza si haba. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza 1991, umesaidia kutoa vingi vyenye picha nzuri. Mtaala wa 2015 ulipotia mkazo kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, nguvu na fedha zilielekea darasa la kwanza na la pili. Ukiwa na bando, tovuti ya African Storybook inakupa hadithi nyingi za Kiswahili bure, zimepangwa kwa ngazi tano, na hata za ngazi ya juu unazimaliza kabla chai haijapoa. Ukivuka hapo, unakutana na vitabu teule vya sekondari. Watoto wa Mama N'tilie cha Emmanuel Mbogo kinahusu watoto wa Dar kwelikweli, nakipenda, lakini kina dawa za kulevya na dhiki inayohitaji kichwa cha miaka kumi na minne. Kati ya hadithi ya kurasa kumi na sita na riwaya ya kidato cha tatu kuna shimo, na mtoto wa miaka minane hadi kumi na mbili anayependa kusoma anatumbukia humo. Akitoka, anatoka na simu mkononi.

Jamaa zangu wa ughaibuni hujaribu kulifukia shimo hili kwa maboksi. Maduka ya mitumba ya misaada huku yanauza kitabu cha mtoto kwa paundi moja au pungufu, tunajaza boksi, tunapeleka. Tatizo linaonekana boksi linapofunguliwa. Binti wa kaka anasoma shule ya serikali; Kiswahili chake kimemtangulia miaka mitatu, Kiingereza chake ndiyo kwanza kinaanza. Kitabu cha Kiingereza anachokiweza ni cha nguruwe na puto, cha mtoto wa miaka minne. Kitabu cha Kiingereza kinachomfaa kwa akili hakisomi. Tunampa msomaji bora wa darasa lake sababu ya kujiona mjinga, halafu tunasubiri asante.

Najua hivyo kwa sababu mwanangu ana ugonjwa uleule kichwa chini. Kiingereza anameza riwaya. Kiswahili anasoma kwa kidole, silabi kwa silabi, na hadithi anazozimudu zinahusu kuku aliyepotea. Ananiambia, "Mama, hizi za watoto." Ni kweli. Kwa hiyo za Kiswahili sasa namsomea mimi, tena ndefu, naye anasikiliza. Sikio lake limelizidi jicho lake kwa mbali.

Hilo ndilo nililomshauri kaka kwanza, akashangaa. Mtoto anayejua kusoma bado anastahili kusomewa. Adili na Nduguze ya Shaaban Robert ina manyani wanaochapwa kila usiku, ina safari za bahari, ina ndugu wanaomtosa ndugu yao majini kwa wivu. Akiachiwa peke yake, lugha itamlaza na manyani watamtisha. Akiisoma na baba yake, sura moja kwa usiku, anauliza na anajibiwa palepale. Kaka alidai hana muda. Mechi anayo muda.

La pili, kitabu cha kumfaa si lazima kiwe kigumu zaidi. Kinaweza kuwa cha upande mwingine. Vitabu vya maarifa havina shida ya umri: papa, volkano, jinsi daraja linavyosimama. Mtoto wa miaka minane akisoma cha watu wazima kuhusu nyangumi, baya litakalompata ni kuchoka. Pale Posta na Samora, kwenye vitabu vya mitumba vilivyotandazwa kwenye turubai, ensaiklopedia za zamani zenye picha hupatikana, na picha humvutia hata mwenye Kiingereza kichanga. Cha hadithi, kaka akisome kwanza, au walau sura ya kwanza na moja ya katikati, maana waandishi huficha mambo katikati.

La tatu alilikataa kabisa: amwache mtoto arudie. Binti amesoma Hekaya za Abunuwasi hadi jalada limetoka, na baba yake anaona ni kupoteza muda. Mimi naona msomaji mzuri ni yule anayerudia bila kuambiwa. Wa kwangu bado anasoma vitabu vya rangi alizozimaliza zamani, na mwalimu wake alipohoji nilimwambia ni vya kwake, ataviacha akitaka.

Kwa wachapishaji na waandishi wetu nina ombi lenye pesa ndani. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu imeingiza hadithi za watoto kati ya vipengele vyake, jambo jema, ila nahofia tutaendelea kupata sungura na fisi kwa picha bora zaidi. Nipeni watoto wawili wa Kigamboni waliopanda pantoni wakakuta mzigo usio na mwenyewe. Kurasa mia na hamsini, sura fupi, pasipo mtu mzima wa kuja kuwaeleza funzo. Nitanunua yangu, nitanunua ya Tabata, na nitalipia nakala ishirini za ile shule, kwa sharti kwamba ufunguo wa kabati apewe mwanafunzi.