Eti ni marufuku kupikia umeme

Jumamosi asubuhi natoka na mswaki mdomoni nakuta karatasi imebandikwa juu ya mita, maka peni nyekundu, herufi kubwa: KUANZIA LEO NI MARUFUKU HITA, JIKO LA UMEME NA MASUFURIA YA UMEME. PASI MWISHO SAA 3 USIKU. ATAKAEKAIDI AHAME.

Masufuria ya umeme, yaani presha kuka. Nyumba nzima linajulikana sufuria la umeme liko chumba gani. Ni la Mama Glory, chumba cha nne, anauza ndizi pale soko la Mbuyuni, na hilo sufuria kalinunua kwa hela ya mchezo, zamu yake ilipofika, laki na arobaini, badala ya kununua kitanda cha watoto. Hakununua kwa anasa. Gari la matangazo lilipita hapa Pasua, Moshi, linaimba nishati safi nishati safi, redio nayo ikaimba, mwanamke wa watu akaamini. Mimi ndio nilimsaidia kusoma kile kikaratasi cha maelekezo ambacho kimeandikwa Kichina na kingine kinachofanana na Kiingereza.

Jumapili ya kwanza baada ya kulinunua tulipika makande, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kubisha nikaenda kusimama kwenye mita. Wapangaji wengi wako kanisani, friza ya mama mwenye nyumba imetulia kidogo, mita inasoma 31.84. Baada ya dakika hamsini presha imeshuka, mahindi yameiva mpaka yanapasuka, mita inasoma 31.36. Nusu uniti haijafika! Kwa bei tunayonunua sisi hiyo ni kama shilingi 170. Makande hayohayo kwa mkaa unaanza saa mbili asubuhi unamaliza saa sita, makopo mawili ya mkaa yameenda, na moshi umekaa kifuani.

Kwa hiyo naomba nieleweke, presha kuka inafanya kazi, sina ugomvi nayo. Taa za LED nazo zinafanya kazi. Ugomvi wangu ni hizi hamasa zote za kubana matumizi na kupika kisasa, zinavyokuja kana kwamba kila Mtanzania ana mita yake na mlango wake wa mbele.

Mnajua mgao wa umeme wa nyumba za kupanga ulivyo (sio ule wa kukatiwa, huu wa kuchangishana). Sisi tuko kaya tisa, mita moja. Elfu tisa kila mwisho wa mwezi, mwenye friji anaongeza tano. Ile friza ya mama mwenye nyumba ya barafu za ukwaju haiongezi kitu, kwa sababu mita ni yao. Friza yenyewe ni ya mtumba, ilitoka Ulaya huko kama mtu anayekimbia kesi, inanguruma usiku kama fuso inapanda Kibosho. Inawaka saa 24. Hiyo sio marufuku. Marufuku ni nusu uniti ya Mama Glory.

Mwezi uliopita tumekula uniti 225. Gawa kwa tisa, uniti 25 kila kaya. Sasa uniti 25 kwa mwezi ni mtu wa chini kabisa, taa, simu, katv kadogo. Na kwa mtu kama huyo ndio iliwekwa ile tarifu ya wateja wadogo, D1, shilingi 100 kwa uniti, ukiongeza VAT asilimia 18, mchango wa REA (wakala wa umeme vijijini) 3 na wa EWURA (mdhibiti wa nishati) 1 inakuwa 122, ilimradi usizidi wastani wa uniti 75 kwa mwezi. Tungekuwa kila mtu na mita yake kila kaya ingelipa 3,050 kwa mwezi. Lakini mita haihesabu vichwa. Mita inaona uniti 225 inasema huyu ni mkubwa, apelekwe T1, tarifu ya wateja wa kawaida, 292 kabla ya makato na 356 ukishakatwa. Hivyo ndivyo tunafika elfu 80 nyumba nzima, karibu elfu tisa kwa kaya. Karibu mara tatu, kwa umeme uleule, kosa letu ni kupanga.

Haya, sasa pandeni na mimi Marangu. Kuna jamaa yangu kule, simtaji, ni mtu wa watu na kila Desemba ananipa mbege. Ana ghorofa lenye nguzo kama benki. Miezi kumi na moja anaishi humo mlinzi, mbwa, na masofa yaliyofunikwa nailoni. Umeme aliingiziwa kwa 27,000 kwa sababu ni kijijini, wakati hapa mjini tangu Januari 2022 ni 320,960 na hiyo ni kama huhitaji hata nguzo. Taa za getini, redio ya mlinzi, kafriji, uniti 40 kwa mwezi. Mara 122 ni 4,880. Desemba akija na watoto na wajukuu anazidi zile 75, analipa kilichozidi kwa bei ya juu, Januari anarudi Dar na nyumba inarudi kuwa "mteja mdogo".

Mteja mdogo! Mwenye nguzo sita!

Najua mtasema bibi yako wa Rombo je, si amewekewa umeme kwa hiyohiyo 27,000? Amewekewa. Na siku taa ilipowaka bibi aliizima na kuiwasha mara nne, alafu akakaa chini akalia, nilikuwepo. REA imefanya kazi, nakubali, na anayesema umeme wa vijijini ni hasara hajawahi kusomea koroboi. Ila angalieni nani anachangia. Risiti ya LUKU (umeme wa kulipia kabla) iko hapa mbele yangu: elfu kumi, uniti 28, VAT 1,475, EWURA 82, REA 246. Jamaa wa Marangu akinunua uniti 28 hizohizo anachangia REA shilingi 84. Kwa sababu asilimia tatu ya bei kubwa ni kubwa. Yaani muuza ndizi wa Mbuyuni kwa kila uniti anawachangia wa vijijini karibu mara tatu ya mwenye ghorofa la vijijini. Nimerudia hii hesabu mara tatu nikidhani nimekosea.

Na msiniambie tubane matumizi. Nilibana. Mwaka jana globu ya koridoni, wati 60, inawaka kuanzia jioni mpaka asubuhi, nikachukua elfu nne yangu nikanunua kwa mangi taa ya LED wati 9. Hesabu yake ni nzuri tu: masaa kumi na mbili kwa siku thelathini, globu inakula uniti 21 na nusu, LED inakula tatu na kidogo. Tumeokoa kama 6,500 kwa mwezi nyumba nzima. Gawa kwa tisa, mimi mnunuzi wa taa ninarudishiwa mia saba na kitu, kwa nadharia, maana kwa vitendo mchango ulibaki elfu tisa vilevile na friza ikapata pumzi. Wiki ya tatu taa ikahamia barazani kwa mwenye nyumba. Koridoni ikarudi globu. Nimeacha.

Halafu watu wanaandika ripoti kwamba kipato cha chini "hawana mwamko". Mwamko tunao jamani, tatizo faida yake inaishia barazani kwa mtu mwingine.

Kodi ya jengo nayo hivyohivyo. Tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU, ikaanza buku kwa mwezi, 2023 ikapanda 1,500. Kodi ya jengo la nani? Sio langu. Tuliambiwa mpangaji akamalizane na mwenye nyumba. Kamalizane naye wewe.

Wenzetu Marekani na hela zao wamefanya kosa hilohilo, tena kwa mabilioni. Kati ya 2006 na 2012 serikali yao iliachia zaidi ya dola bilioni 18 za nafuu ya kodi kwa watu waliobadili madirisha, walioweka sola, walionunua magari ya umeme. Maprofesa wawili wa Berkeley, Borenstein na Davis, wakakaa wakachambua nani kala. Ile asilimia 20 ya juu kwa kipato ilibeba kama asilimia 60 ya hela, na asilimia 60 yote ya chini ikaambulia kama 10. Kwenye magari ya umeme wa juu walibeba kama 90. Na wala hakuna aliyeiba. Ilitosha tu kuweka masharti uwe na nyumba, utoe hela kwanza, na uwe na kodi ya kutosha ya kupunguziwa. Mpangaji wa Chicago naye kumbe ana globu yake ya koridoni.

Ghana walijaribu njia mbili. 2007 waligawa taa za enajisava milioni sita bure, unaleta globu yako unapewa taa. Kurudisha globu hakuhitaji mtaji, nafikiri kila serikali ingeanzia hapo. Baadaye wakaja na mpango wa friji, rudisha bovu upewe punguzo la jipya, na 2013 wakaanza kutekeleza marufuku ya friji za mtumba kuingia nchini. Nzuri, ila punguzo ni la mwenye friji tayari na mwenye hela ya kujazia.

Na hapa kwetu, kusema haki na sipendi kusema, ile mitungi ya gesi ya nusu bei ya REA ndio kitu pekee nilichoona kimemfuata mtu, kisifuate nyumba. Mitungi 3,255 kila wilaya, unakwenda na kitambulisho cha NIDA unapewa wa kilo sita. Mpangaji akahesabika mtu siku hiyo. Tatizo likaja ulipoisha, kujaza ni elfu ishirini na kitu kwa mkupuo, na muuza ndizi hana mkupuo, ana buku ya leo na buku ya kesho, ndio maana mkaa wa kopo haufi. Mkakati wa nishati safi uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Sawa. Hizo kopo mtazihesabu wapi?

Wengine wanasema tukopeshwe majiko tulipe kidogokidogo kwenye LUKU. Wazo tamu sana. LUKU ya nani? (Na Shanty Town yetu hapa Moshi, ambayo kwa mgeni inasikika kama mtaa wa mabanda, kumbe ndiko wanakoishi wenye nazo, wale wana mita zao na hita za sola juu ya paa, wakikopeshwa watalipa bila shida. Hawahitaji kukopeshwa.)

Jumapili jioni nikaenda kwa baba mwenye nyumba. Shikamoo baba. Marahaba, kaa. Nikamwambia baba ile sufuria inakula nusu uniti, nimepima kwa macho yangu. Akaniangalia kama mtu anayemuonea huruma mtoto wake.

"Kijana, nyaya za nyumba hii nimeweka mwaka 94. Wakiwasha hayo masufuria tisa kwa mpigo, nyumba ikiungua utanijengea wewe?"

Sikuwa na jibu. Ni mstaafu, chumba anapangisha elfu arobaini, kubadilisha nyaya nyumba nzima ni mamilioni, na hata akibadilisha nafuu inakwenda kwa wapangaji, yeye anabaki na deni la fundi. Kwa hesabu zake yuko sawa kabisa. Nilienda nimejaa hasira nikatoka nimekunywa chai ya maziwa, sijui nimkasirikie nani.

Ila kuna kitu kimoja hakihitaji mkakati wa miaka kumi wala mfadhili. Wahesabu kaya. Mita yenye kaya tisa ipewe uniti 75 za bei ndogo mara tisa, mjumbe wa mtaa anatujua wote kwa majina, akija kuchangisha hela ya ulinzi hajawahi kukosea idadi hata siku moja. Au watuwekee mita kwa kila chumba kwa 27,000 kama Marangu, tutalipa hata kwa awamu, na hapo mtu akinunua taa ya LED ni yake na faida ni yake. Wakisema hela itatoka wapi, waanze na ile 246 yangu.

Mama Glory ameshakubali yaishe. Jana nimepita kwake jioni, jiko la mkaa liko mlangoni, mtoto anapepea kwa kifuniko cha ndoo. Presha kuka iko juu ya kabati, ndani ameweka sukari na vitabu vya vikoba. Ameniambia nikisikia mtu anaitaka, yuko tayari kuiachia kwa laki, boksi lipo na garantii bado ina miezi minane.