Ohio State 2024: Bingwa Aliyechapwa Nyumbani

Novemba 30, 2024, katika uwanja wake wa Columbus, timu ya futiboli ya Chuo Kikuu cha Ohio State ilifungwa 13-10 na Michigan, timu iliyoingia siku hiyo ikiwa na ushindi mara sita na vipigo vitano. Ilikuwa mara ya nne mfululizo kuchapwa na watani hao wa jadi, na mashabiki wengi wakamtaka kocha Ryan Day afungashe virago. Siku 51 baadaye, Januari 20, 2025, kocha huyohuyo alinyanyua kombe la taifa jijini Atlanta baada ya kuilaza Notre Dame 34-23.

Bingwa halali huyo? Hata leo, wapenzi wa futiboli ya vyuo vya Marekani, ile ya mpira wa mfano wa yai, hawajamaliza ubishi.

Wanaokataa wana hoja nzito. Kuanzia msimu wa 2014 hadi 2023, mtoano wa ubingwa ulichukua timu nne tu, na hakuna timu iliyowahi kuingia ikiwa na vipigo viwili. Ohio State ilikuwa navyo: kabla ya Michigan, Oregon ilikuwa imeshaipiga 32-31 mwezi Oktoba. Jopo la uteuzi liliiweka nafasi ya sita. Kwa utaratibu wa zamani, vijana wa Day wangetazama mtoano kwenye televisheni. Lakini 2024 ndio mwaka mlango ulipanuliwa kuwa wa timu 12. Kwa hiyo Oregon ilishinda mechi 13 bila kuteleza, ikiwemo ile dhidi ya Ohio State yenyewe, kisha ikakutana nayo tena kwenye robo fainali ya mtoano, mechi iitwayo Rose Bowl, ikalala 41-21, na jasho la miezi minne likaishia hapo. Simlaumu mtu wa Oregon anayeona kadhulumiwa.

Wengine hutaja fedha. Kikosi kile kiliripotiwa kugharimu takriban dola milioni 20: Will Howard, kwotabeki, yaani mrusha pasi mkuu, alitoka Kansas State, Quinshon Judkins alitoka Ole Miss, Caleb Downs alitoka Alabama. Hoja hii hainishtui. Fedha hizo zilikuwepo hata siku ya Michigan, na hazikufunga pointi.

Kinachonivutia ni jinsi walivyofungwa. Safu ya mbele ya mashambulizi ilikuwa imempoteza Josh Simmons kwenye mechi ya Oregon, kisha Seth McLaughlin mwezi Novemba, wote kwa majeraha. Upande wa pili, katikati, walisimama Mason Graham na Kenneth Grant, majabali mawili ya Michigan. Ohio State ikang'ang'ania kupita hapohapo: mara 26 ilikimbia na mpira, ikapata yadi 77 tu. Pembeni alikuwepo Jeremiah Smith, mdaka pasi, kijana wa mwaka wa kwanza ambaye mabeki wa nchi nzima walikuwa wakimwogopa, naye akapata yadi 35. Ongeza mikwaju miwili iliyopotea na pasi mbili za Howard zilizonaswa. Kisu kikali walikuwa nacho. Walikata kwa mpini.

Desemba 21 walikishika upande sahihi. Kwenye raundi ya kwanza ya mtoano, dhidi ya Tennessee, mpira ulitupwa mapema na mbali, ikawa 21-0 robo ya kwanza, mwisho 42-17. Kule Rose Bowl Smith alikusanya yadi 187, na kabla ya mapumziko Oregon ilikuwa nyuma 34-0. Kwenye nusu fainali Texas ilipomfungia Smith kila njia, akadaka pasi moja tu mchezo mzima, ulinzi ndio uliookoa: Jack Sawyer alimpokonya kwotabeki wa Texas mpira, akakimbia nao yadi 83. Fainali nayo nusura iharibike, 31-7 ikageuka 31-23, hadi Howard alipomtupia Smith pasi ya yadi 56.

Wapo wanaosema kipigo cha Michigan ndicho kilichowaamsha. Sikubaliani nao kikamilifu. Kilichowafaa ni wiki tatu za kujirekebisha na kanuni iliyowaruhusu kuzitumia. Mwaka mmoja nyuma wangejirekebisha wakiwa likizo. Hata hivyo, kanuni hiyohiyo iliibeba Notre Dame, iliyofungwa nyumbani na Northern Illinois 16-14 mwezi Septemba. Timu nne zilizopewa nafasi ya kuruka raundi ya kwanza, Oregon ikiwemo, zote zilipoteza mechi yao ya kwanza. Mlango ulikuwa wazi kwa timu 12, na Ohio State ndiyo iliyowapiga wanne mfululizo. Kwangu ubingwa ni wake, ingawa mechi ya Novemba imeshuka bei.

Msimu uliofuata mambo yalipinduka. Ohio State ilimaliza ratiba ya kawaida bila kufungwa, ikaichapa Michigan 27-9 huko Ann Arbor, kisha ikalala 13-10 kwa Indiana kwenye fainali ya Big Ten, ligi yao, na 24-14 kwa Miami kwenye robo fainali ya mtoano. Muulize mtu wa Columbus, kati ya miaka hiyo miwili, angependa urudi upi. Atafikiri kidogo kabla ya kukujibu.