Tuta Limeota Usiku

Jana saa nne usiku nilipita pale nikirudi, njia ilikuwa sawa kama kiganja. Sawa kwa vigezo vyetu, mnaelewa. Leo saa kumi na mbili na nusu asubuhi natoka, nakuta tuta. Si rasta, wala si kale kamwinuko ka kistaarabu ka lami. Ni tuta la udongo na mawe, limeshindiliwa, limepigwa koleo mgongoni likanyooka, na juu lina mstari mweupe wa chokaa kama keki ya kipaimara. Hatua kumi kutoka geti langu. Mtaa una chekechea, una kilabu, una bodaboda wanaofukuzana mchana kutwa, lakini tuta limetazama huku na huku likaona kwangu ndiko kwenye maisha.

Mimi ni mtu mzima. Nina mke, nina watoto wawili, nina deni la vikoba. Kwa hiyo naomba niieleze gari yangu kwa heshima, maana najua tayari kuna mtu anacheka.

Ni Toyota Runx. Nyeusi. Injini 1NZ, cc 1496, otomatiki. Nyuma imeandikwa Z Aerotourer, maandishi niliyoyanunua Kabwe, hapahapa Mbeya, kwa elfu nane nikayabandika mwenyewe kwa rula. Runx ya Z yenyewe ni mnyama mwingine kabisa: injini 2ZZ, Yamaha alitia mkono pale, nguvu za farasi 190, gia sita za mkono, na ikivuka mizunguko elfu sita inabadilisha kauli kama mlevi aliyeguswa. Yangu ina farasi 110 kwa karatasi za Japani. Sasa hao ni farasi wa pwani. Injini isiyo na tabo ya kuisukumia hewa inategemea hewa ya bure, na hewa ya bure ya Mbeya, huku mita 1,700 juu ya bahari, ni nyepesi. Kila mita 300 unazopanda zinakula kama asilimia tatu ya nguvu. Pigeni hesabu. Farasi kumi na tisa hivi waliutazama mlima wa Kitonga, wakatazamana, wakarudi zao Morogoro. Mimi navutwa na hao tisini na moja waliobaki, na asubuhi ya Julai kama leo hata hao wanatoka zizini wakikohoa.

Ndiyo maana nikaanza kuitengeneza. Nyumbani, chini ya mparachichi, Jumamosi baada ya Jumamosi, kwa sababu gereji siku hizi hata ukiambiwa pole unaulizwa utalipa kwa simu au taslimu. Nikafunga filta ya koni. Ikawa inavuta kwa sauti kama ng'ombe mtoni, raha tupu, mpaka kijana mmoja aliponiambia kwamba inavuta hewa ya moto ya ndani ya boneti, yaani hata ile pumzi kidogo ya farasi wangu nimewaletea kutoka jikoni. Nikatoa tairi la akiba na jeki kupunguza uzito. Nikatoa masega kwenye ekzosti, yale yanayosafisha moshi, fundi akaniambia yanabana pumzi, tena akanisaidia kwa kuyanunua yeye mwenyewe, elfu sitini, nikamshukuru. Baadaye nikajua ndani ya masega kuna platinamu, paladiamu na rodiamu. Namtafuta. Taa ya cheki injini ikawaka siku hiyohiyo, kompyuta ikasoma P0420, maana yake sensa ya nyuma inayatafuta masega na haiyaoni. Ilichukua fundi mwingine dakika mbili kulitatua tatizo: alibandika tepu nyeusi juu ya taa.

Halafu springi. Hapa naomba msinikatize. Gari ilipofika nilifanya kama kila Mtanzania, nikaiwekea spesa juu ya shokapu ikainuka, miaka miwili nikatembea kama mama aliyevaa skuna kwenye kokoto. Kisha nikawaona vijana wa Dar na magari yaliyolala chini kama paka anayewinda. Nikang'oa spesa, nikakata springi kwa grenda, mzunguko mmoja na nusu kila moja. Springi ukiikata inafupika, na pia inakuwa ngumu zaidi. Hilo hakuna aliyenitajia. Leo nikikanyaga ganda la ndizi barabarani najua kama ni mzuzu au malindi.

Turudi kwenye tuta. Nikasema nitalipanda kiupande, gurudumu mojamoja, kama watu wenye adabu. La mbele kushoto likapita. La mbele kulia likapita. Nikaanza kumshukuru Mungu, nikasikia krrrr, na gari ikakaa. Ikakaa kabisa, kama kuku anayetaka kutaga. Runx inavutwa na magurudumu ya mbele, na ya mbele yalikuwa yanapunga hewa kama anayeaga watu wa basi.

Ndani ya dakika tatu walikuwa watu kumi na wanne. Nimewahesabu kwa sababu sikuwa na kazi nyingine. Mama wa vitumbua alihamisha na jiko. Bodaboda wawili wakazima pikipiki, wakakaa juu yake kwa kujipanga, kama watu waliokata tiketi. Watoto wa shule wakaweka mabegi chini. Na katikati yao, ndani ya kabuti lake la tangu enzi za Mwalimu, akaja yule mzee dereva mstaafu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Limekufa?"

"Halijafa mzee. Limekaa."

"Limekaa." Akazunguka gari mara mbili, mikono nyuma, kama anayekagua gwaride. Akainama, akachungulia chini, akainuka taratibu. "Hili ndilo linalolia usiku?"

Nikasema ni mlio wa ekzosti tu, gari ni ya michezo.

"Michezo gani?"

"Basi tu mzee, ni aina. Gari za michezo."

"Nakuuliza mchezo gani. Lina timu?"

"Linacheza Mbeya City," akasema bodaboda.

"Basi hapa limeotea," akasema mwenzake, na wale watoto wa shule, ambao kengele yao ilishalia, wakacheka mpaka mmoja akakalia kitumbua.

Mzee hakucheka. Mzee alikuwa ameanza safari yake, na nyinyi mliokulia huku mnawajua madereva wa zamani wa barabara ya Zambia: wakianza safari, hawateremshi mtu njiani. Tukaanzia bandarini Dar na Fiat yenye mapipa ya mafuta, miaka ile TAZARA haijaisha na lami haijafika kila mahali. Tukalala Mikumi kwa sababu ya tembo. Tukapanda Kitonga kwa gia ya kwanza, turniboi akitembea kwa miguu nyuma na gogo mkononi, gari ikisita tu anaweka gogo nyuma ya tairi. Nikamwambia mzee, nachelewa kazini. Akasema subiri, tuko Makambako. Kule Makambako palikuwa na mama anapika maharage. Tulikaa Makambako muda mrefu, nadhani mama yule alikuwa na umuhimu wake. Tulipofika Mlima Nyoka miguu yangu ilishakufa ganzi kwa baridi, ndipo mzee akanigeukia, akaninyooshea kidole.

"Safari zote hizo sijakata springi. Tuliongeza! Ukiona mzigo mzito unaongeza jani, ukiona njia mbaya unaongeza jani. Springi inaongezwa. Wewe nani alikuambia springi inakatwa?"

Watu kumi na wanne wakanitazama. Nilitamani kumtaja mtu. Sikuwa na mtu.

"Jeki iko wapi?" akauliza.

Nikasema niliitoa kupunguza uzito.

"Uzito wa nani?"

Ndipo akafika mjumbe, na sweta lake na daftari. Nikajikusanya. Nikasema, kwa sauti ya mtu anayelipa kodi, kwamba ningependa kujua ni nani ameidhinisha kizuizi hiki mbele ya makazi ya watu bila kushirikisha wahusika.

"Baba Bahati," akasema mjumbe kwa upole, upole ule wa mtu mwenye maandishi, "kikao kilikaa Jumapili. Tulikutumia mtoto kukuita. Halafu nikaja mwenyewe."

"Sikukuona."

"Ulikuwa chini ya gari. Limewashwa. Nilikuita mara nne, nikagonga na bati. Ajenda namba tatu ilikuwa wewe."

Akafungua daftari. Ikasomwa, hadharani, mbele ya mama wa vitumbua: watoto wachanga kushtuka usingizini, mbuzi wa mwalimu kukata kamba, ibada ya jumuiya kusimama katikati ya sala kwa sababu nilikuwa napima mlio. Imeamuliwa tuta, mchango shilingi elfu mbili kila kaya.

Nikaona upenyo. "Kaya yangu haijachangia. Kwa hiyo kisheria..."

"Imechangia." Akaweka kidole kwenye mstari. "Mama Bahati. Taslimu. Tena ndiye aliyetoa chokaa."

Chokaa. Nilinunua chokaa mwezi uliopita nipake shina la mparachichi. Nikageuka. Mke wangu alikuwa amesimama getini na khanga mabegani na kikombe cha chai mkononi, ananitazama kwa utulivu ambao sijauona tangu siku ya kutoa mahari.

Sitasimulia tuliyoambiana. Alisema jambo moja tu, kwamba Bahati akisikia radi siku hizi anasema "Baba amerudi".

Sasa nisikilizeni. Nilijaribu kucheka na wenzangu pale, na hata hapa nimejitahidi mpaka sasa, lakini kuna mahali mtu anachoka. Natoka nyumbani gizani narudi gizani. Napita michepuko ya hiyo njia nne inayojengwa, vumbi naingia nalo kazini kama nimetoka kuchimba dhahabu Chunya. Jumatano ya kwanza ya kila mwezi bei mpya ya mafuta inatangazwa, na sisi wa huku, mafuta yakishapanda milima yote hiyo, tunalipa na nauli yake. Mshahara ukiingia kila senti ina jina la mtu: ada, kodi ya nyumba, rejesho, mchango wa harusi ya binamu ambaye hata sura yake siikumbuki. Kitu kimoja tu nimejitakia mimi, kisicho na risiti ya mtu mwingine, nacho ni kupanda Mlima Nyoka Jumapili jioni, kioo nimeshusha, naisikia injini inaunguruma, nayapita malori matatu kwa mpigo. Mawili. Moja likiwa na mzigo. Ni kosa kubwa hilo? Kuna watu wanakunywa mshahara wote pale kilabuni na hawajawekewa tuta!

Basi. Wakanyanyua. Vijana wanane, elfu moja moja, na mzee akihesabu "harambee" kutoka Fiat moja hadi nyingine. Mjumbe alikataa tuta lisiguswe hata kwa jembe la mtoto, ni mali ya mtaa. Gari ikapaa, ikavuka, ikatua upande wa pili salama. Ekzosti ikabaki juu ya tuta. Ilibaki imelala pale kwenye chokaa, bomba limetazama mbinguni, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile hakuna aliyesema kitu.

Kisha nikawasha. Nyinyi mnajua Runx bila ekzosti inavyolia. Kuku waliruka ukuta. Mjumbe alifunga daftari kwa mkono mmoja na sikio kwa mkono mwingine, na nilimwona midomo inacheza lakini sikusikia, nadhani ilikuwa ajenda namba nne. Nikaondoka hivyohivyo, polepole, sura ya mtu asiyehusika. Afande wa mbele kidogo hata hakuhitaji tochi, alinisikia kabla hajaniona. Elfu thelathini. Kazini nimeegesha mtaa wa pili.

Jioni nikarudi kwa daladala, nimekaa kwenye ndoo ya mtu. Nyumbani jeki sikuipata, mke wangu alishaifanya komeo la banda la kuku, nikiitoa kuku wanatoka. Spana namba kumi ndiyo usiseme, hiyo ilipotea tangu Pasaka pamoja na ile niliyonunua kuitafutia hiyo ya kwanza. Parachichi nazo zimeiva zote wiki moja, zinadondoka juu ya bati usiku kucha kama mawe, na wanunuzi wakipita wanauliza kama ni Hass. Nikisema ni za kienyeji wanaangalia saa. Na chini ya huo mparachichi, kwenye kiti changu, nimemkuta yule mzee na kabuti lake. Amekuja na kifurushi cha nguo za kazi na spana zake za Fiat, ambazo hakuna hata moja inayoingia kwenye gari ya Kijapani. Anasema kesho tunaanza na springi, tunaongeza. Ameshapewa chai. Ameiomba sukari iletwe na kopo lake, na nilikaa palepale nikimtazama akitia vijiko vinne, anakoroga, anaonja, anatia cha tano, huku ndio kwanza tunatoka bandarini.